Gari la Watu Wasioonana

Wewe, ukiambiwa leo uchague gari, utaanza kutazama nini? Ulaini wa viti? Vikorombwezo vya ndani? Umbo, ili jirani achungulie dirishani ukipita? Au utauliza kwanza linakula kiasi gani? Kila mtu ana jibu lake. Lakini wako watu ambao kabla ya hayo yote huuliza jambo jingine: mle ndani, nani atamwona nani?

Tusekile na baba mkwe wake walikuwa watu wa namna hiyo.

Asubuhi ile walikuwa Uyole, kwenye yadi ya magari, na ukungu ulikuwa haujaondoka juu ya mabati. Mzee Mwasomola alisimama upande wa kulia wa gari, amevaa koti lake la sufi lenye kifungo kimoja kisichofanana na vingine, fimbo mkononi. Tusekile alisimama upande wa kushoto, kampa mgongo, khanga imeshuka mpaka kwenye nyusi. Katikati alikuwepo Gwakisa, mwana wa yule na mume wa huyu, akilizunguka gari bila kupumzika.

"Mwambie Mama Ipyana," alisema mzee, akitazama tairi, "atazame kama viti vinamfaa."

Gwakisa akazunguka. "Baba anasema utazame viti."

"Mwambie Baba vinanifaa," alisema Tusekile, akitazama uzio. "Yeye je, magoti yake hayatabanwa?"

Gwakisa akazunguka tena. Umbali wote huo mtu angeweza kuuruka kwa hatua mbili, na masikio ya kila mmoja yalikuwa mazima. Walisikiana vizuri kabisa. Lakini neno lilikuwa halijafika mpaka Gwakisa alifikishe.

Muuzaji wao, Mwanaidi, alikuwa mtu wa Pangani, mgeni wa baridi ile. Alikuwa amejifunga skafu mbili na bado meno yalimgongana. Alivumilia mizunguko kadhaa, kisha akamvuta Gwakisa pembeni.

"Kaka, samahani kukuuliza. Hawa wamegombana?"

"Hapana, dada. Wanaheshimiana."

"Mashallah," alisema Mwanaidi. "Sasa kwetu wakigombana inakuwaje, ikiwa heshima ndiyo hii?"

Gwakisa akacheka, akarudi kwenye gari.

Kueleza kwake si kugumu. Zamani za bibi wa bibi zao, huko Rungwe, mkamwana hakutazamana na baba mkwe. Akisikia anakohoa njiani, aliingia migombani na kusubiri apite. Hakula mbele yake, hakulitaja jina lake. Ilikuwa kazi hasa, maana njia ni moja na kisima ni kimoja, na kwa kuwa ilikuwa kazi, watu walianza kuilegeza. Mila ikachakaa kama mkeka wa uani. Wajukuu wakafika mahali wanakula meza moja na baba wakwe wao na kutaniana nao.

Kisha ikaja stara.

Stara ni utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu, unashuka kutoka darini. Aliye upande huu hamwoni aliye upande ule. Haoni pazia wala ukuta: anaona kiti kitupu. Chombo kinakipiga picha kiti kabla mtu hajakikalia, kisha kinaichora picha ile kwenye utando, na mwanga wake na kivuli chake, hata ungeapa hakuna mtu. Sauti nayo huuawa kwa sauti. Mtu akitoa neno, chombo hutoa kinyume cha neno lile papo hapo, mawimbi mawili yanakutana hewani, yanakufa yote. Ilibuniwa kwa ajili ya ofisi. Lakini watu wa milimani walipoiona, wazee walikumbuka. Jambo lililokuwa linachosha limekuwa kitufe. Na mtu akikataa kubonyeza kitufe, atasingizia nini? Basi mila ikarudi, safari hii ngumu kuliko ya bibi zao, maana hakuna tena aliyekuwa na udhuru.

Nyumbani kwao Kiwira stara ilikuwa sebuleni na mezani. Aliyekuwa akipita huku na huku ni Bibi Sekela, mke wa mzee. Alikuwa mdomo wa nyumba ile. Alipofariki, mdomo ukabaki Gwakisa, na Gwakisa kazi yake iko Kasumulu mpakani, anarudi mwisho wa juma; Ipyana, mtoto wao, yuko shule ya bweni. Siku za katikati nyumba ilikaa kimya, watu wawili wakipishana kama saa ya ukutani na kivuli chake.

Na kila Jumanne wote wawili walitakiwa Mbeya: Tusekile kwenye maabara ya mbegu za viazi, mzee kliniki ya macho. Gari lao la zamani lilikuwa limekufa kifo cha kweli, hata fundi alilivulia kofia. Wakawa wanakodi magari mawili, moja mbele jingine nyuma, njia ileile, saa ileile, kama msafara wa waziri. Ndiyo maana walikuwa yadini. Walihitaji gari moja litakalobeba watu wawili peke yao, na watu hao wasionane.

Walianza na Kipanga. Lilikuwa jekundu, limeinama mbele, na limeng'arishwa mpaka ukungu wenyewe ulijitazama humo. Tusekile alilipenda, hilo asingekana. Alipitisha kidole kwenye ubavu wake kwa siri. Mzee aliingia, na kuingia kulichukua muda, maana mtu alitakiwa ajikunje, ajilaze, kisha avute miguu.

"Gwakisa," sauti ilitoka chini. "Hili mtu anaingizwa kama anakwenda kuzikwa. Nitoe."

Kipanga likaishia hapo. Isitoshe lilikula mafuta vibaya sana. Watu bado husema mafuta, ingawa magari hayo yalikunywa umeme wa mvuke wa ardhini na hakuna aliyekumbuka harufu ya petroli.

Likafuata Tandiko. Hilo lilikuwa pana kama kitanda cha bibi harusi. Viti vinne vilitazamana, maana gari halina usukani tena na hakuna sababu ya mtu kutazama mbele. Mito ilijua mgongo unauma wapi. Kulikuwa na kimeza cha kuwekea chai, na chai haikumwagika hata kwenye kona. Waliingia watatu, Mwanaidi akabonyeza, stara ikashuka bila hata kupumua.

Tusekile akatazama mbele yake. Kiti kitupu. Alikijua kiti kitupu kinavyokuwa: kina kumbukumbu kidogo, mto umebonyea, vumbi limehama. Kile hakikuwa na chochote. Kilikuwa kitupu kuliko kiti kitupu. Na huko nyuma ya utupu ule alijua kuna koti la sufi, kifungo kisichofanana, na mzee anapumua.

Lakini asidhaniwe kuwa hakuipenda stara. Ilimfaa. Nyumbani, nyuma ya utando ule, alipiga miayo mdomo wazi, alitafuna karanga, alivua khanga akajikuna kichwa. Bibi Sekela alipofariki, nyuma ya stara ndiko alikolia, miezi, mezani, na sahani mbele yake, na hakuna aliyemuuliza. Mwanamke aliyeolewa kwa watu hapati sehemu nyingi za namna hiyo.

"Mnaonaje?" aliuliza Mwanaidi waliporudi. "Hili stara yake haivuji hata tone. Mkwe akiimba, akilia, akipiga chafya, wewe kwako ni kimya cha msikitini."

"Linakulaje?" Gwakisa aliuliza.

"Ah," alisema Mwanaidi, na skafu zake zikapanda mpaka masikioni. "Linakula, kaka. Sitakudanganya. Raha ni nzito, na mlima haubebi mtu bure. Njia yenu hii ya Isyonje italichosha. Mtalichaji kila mnapofika."

Likabaki Kibuyu.

Kibuyu hakuna aliyewahi kuliita zuri. Lilikuwa duara chini, jembamba juu, rangi ya uji wa ulezi. Watoto waliolipita barabarani walilipungia mkono kwa huruma. Lakini lilibana mafuta kuliko gari lolote yadini, na siri yake ilikuwa moja: kwenye mlima lilivua mizigo. Si mizigo ya nje. Lilizima hiki, likazima kile, kama mama wa nyumba anayezunguka na kuzima taa za vyumba visivyo na watu, kisha likifika kileleni lilivirudisha vyote.

"Stara linayo?" Gwakisa aliuliza.

"Linayo. Na kama hamuitaki inatolewa, gari linakwenda mbali zaidi. Magari hayo ni ya wasio na wakwe," alisema Mwanaidi, akacheka peke yake. "Sasa mkitaka kujua hesabu yake ya kweli, waingie hao wawili tu, uzito wao wa kila Jumanne. Wewe baki na mimi tutazame betri."

Gwakisa akamtazama baba yake. Baba akatazama tairi. "Si ndiyo kazi yake hilo gari?" alisema. "Twende."

"Nani nimwandike msimamizi wa safari?" Mwanaidi aliuliza. "Gari litakuwa linamwandikia yeye habari zake kwenye kioo."

"Mwandike Mama Ipyana," alisema mzee haraka. "Yeye ana macho."

Waliingia kila mmoja kwa mlango wake. Stara ikashuka. Kibuyu likatoka yadini taratibu, likapita Igawilo, likashika mlima.

Tusekile alikuwa amevua khanga na kuiweka mapajani. Nje mashamba ya viazi yalipanda pamoja nao. Kwenye kioo kidogo kando ya goti lake maandishi yalitokea: *Mlima. Napunguza joto la viti.* Kweli, kiti kikapoa. Wakaenda. *Mlima. Nazima muziki.* Hakukuwa na muziki. Kisha, kwenye kona pale misonobari inapoanza: *Mlima mkali. Nazima kiua-sauti cha stara. Picha inabaki.*

Akasikia mtu anasafisha koo.

Ilikuwa karibu sana, kama mtu anayekohoa ndani ya kikombe chake. Alitazama mbele. Kiti kitupu, safi, mto umetuna. Na kutoka kwenye kiti kile kitupu sauti ilisema:

"Chumvi, Mama Ipyana. Chumvi!"

Mkono wa Tusekile ukaenda mdomoni wenyewe.

"Ndizi unapika vizuri, nyama unapika vizuri, lakini chumvi mwanangu unatia kama unakausha samaki. Mwenzangu alikuwa akikuambia anapunguza makali. Gwakisa namtuma, nasema mwambie chakula kitamu. Nitasema nini kingine kwa mdomo wa mtu? Nakunywa maji usiku kama ng'ombe."

Mzee akacheka kidogo. Ilikuwa wazi amezoea. Hivi ndivyo alivyokuwa akifanya miaka yote, mezani, sebuleni: anazungumza na kiti kitupu kilicho mbele yake, akijua hakuna anayesikia.

Kwenye kioo maandishi yalikuwa yakimsubiri Tusekile: *Rudisha kiua-sauti? Mwendo utapungua. NDIYO. HAPANA.*

Kidole chake kilikwenda juu ya NDIYO, kikasimama. Mtu anayesikiliza maneno ya mtu asiyejua anasikilizwa ni mwizi, na hilo alilijua bila kufundishwa. Naye mwenyewe, kama ingekuwa kinyume, kama vilio vyake vya mezani vingevuja siku moja tu, angetamani ardhi. Kubonyeza kulikuwa haki. Lakini mtu akianza kukuambia chumvi imezidi, baada ya miaka yote ile, utamfunga mdomo kwa kidole?

Hakubonyeza. Alishika pumzi.

"Umeshuka sauti siku hizi," kiti kiliendelea. "Namaanisha nyayo. Zamani ulikuwa ukitembea kwa kisigino, tap, tap, nikajua leo kazini kumekwenda vizuri. Tangu mwenzangu afariki unatembea kwa vidole. Usidhani sisikii. Stara inazuia mdomo, haizuii sakafu."

Gari likapinda. Misonobari ikafunga mwanga, ikaufungua.

"Daktari amesema jicho la kushoto limekwisha. La kulia linafuata. Sijamwambia Gwakisa, ataacha kazi aje kunishika mkono, na mimi sitaki kushikwa mkono. Nakuambia wewe kwa kuwa husikii." Fimbo iligonga sakafu mara moja. "Nakujua kisigino, nakujua kikohozi, najua ukifungua kabati la vikombe. Siku ya harusi ulikuwa umefunikwa, sawa, ndivyo inavyotakiwa. Nikasema, iko siku. Sasa siku zenyewe zinaingia giza. Ningekuwa na ruhusa, Mama Ipyana, jambo moja tu, ningekuomba u—"

*Kilele. Narudisha kiua-sauti.*

Kimya. Si kimya cha mtu aliyenyamaza. Kimya cha kisu.

Tusekile aligonga kioo kidogo kwa vidole vyote, akitafuta pa kuzima kiua-sauti. Hapakuwa na pa kukizima. Kuzima kulikuwa kwa gari, na gari lilikuwa na nguvu za kutosha sasa. Mbele yake kiti kilikaa kitupu na kitakatifu, na katika kiti kile mzee alikuwa akimalizia sentensi.

Kibuyu liligeuka Isyonje, likashuka. Kwenye mteremko gari huvuna chaji badala ya kuitumia, kwa hiyo stara ilikaa imara mpaka yadini. Tusekile alipata njia nzima ya kufikiri, na alifikiri kama mtu anayepanga viazi vya mbegu, kimoja kimoja, kila kimoja akikigeuza. Akisema gari linavuja, atakuwa amemvua mzee nguo mbele ya mwanawe. Macho, chumvi, vyote vitatoka nje, na watanunua Tandiko, na stara ya Tandiko haivuji hata tone. Akinyamaza, watachukua Kibuyu kwa kuwa linabana mafuta, na kila Jumanne, kutoka kona ya misonobari mpaka kileleni, atakuwa akimwibia mzee maneno. Siku moja atalisikia na lile ombi. Kisha? Atalitimiza, mzee ajiulize limefikaje? Au atakaa nalo, kama amekuta barua ya mtu akaikalia?

Alijifunga khanga kabla mlango haujafunguka.

"Enhe?" Gwakisa alikuwa akisugua mikono kwa baridi. Alikwenda kwanza kwa baba yake, ndivyo inavyotakiwa. "Baba, unaonaje?"

"Hili linabana mafuta," alisema mzee. "Kwa ubaya wake sina neno, sitaliona muda mrefu." Akakatisha, akakohoa. "Lakini chukua Tandiko. Mama Ipyana ni mtu wa kazi, anahitaji stara yake apumzike. Asije akabanwa kwa ajili yangu."

Gwakisa akazunguka gari. "Baba anasema Tandiko, upate stara nzuri. Wewe?"

Mwanaidi alikuwa tayari na kalamu ya mkataba. Tusekile alitazama uzio. Kulikuwa na kunguru juu yake, manyoya yamelowa. Alifikiri: huyu mzee anachukua stara kwa ajili yangu, na mimi miaka yote naikubali kwa ajili yake.

"Tandiko lisinunuliwe kwa ajili yangu," alisema.

"Basi Kibuyu?"

"Kibuyu linavuja."

Hakulisema kwa Gwakisa. Gwakisa alikuwa amegeuka kwenda kulifikisha, na hapakuwa na cha kufikisha, maana lilisemwa kwa sauti ya kuvuka gari. Mwanaidi akashusha kalamu.

"Mlimani linazima kiua-sauti," Tusekile aliendelea, bado amewapa mgongo. "Picha inabaki, sauti inapita. Liliniandikia, likaniuliza nirudishe. Sikurudisha. Kosa ni langu, si la gari. Kuanzia kwenye misonobari mpaka kileleni nimesikia." Akaivuta khanga mbele. "Unisamehe, Baba. Chumvi nitapunguza."

Gwakisa alimtazama huyu, akamtazama yule. "Chumvi gani?"

Upande wa pili wa gari fimbo iliacha kugonga. Ukungu ulikuwa umeondoka kwenye mabati na maji yalidondoka, tone, tone, kwenye mapipa ya yadi.

"Ulisikia mpaka wapi?" mzee aliuliza. Hakusema *mwambie*. Hakumtazama Gwakisa.

"Mpaka *ningekuomba*. Kisha tukafika kileleni."

"Ahaa," alisema mzee Mwasomola. Kitu kama kicheko kilipita puani mwake. "Gari hili lina adabu kuliko sisi."

Akaanza kutembea. Alilizunguka Kibuyu kwa kupapasa, mkono mmoja kwenye ubavu wake wa rangi ya uji, kwenye taa, kwenye kona, njia ileile ambayo mwanawe alikuwa ameikanyaga asubuhi nzima. Gwakisa alinyoosha mkono amshike, akaurudisha. Tusekile alizisikia hatua zikija, kila kitu katika mwili wake kikamwambia aingie migombani, na pale yadini hapakuwa na migomba. Hatua zikasimama nyuma yake, mbali kidogo, kwa heshima.

"Nilitaka hilihili, baya," alisema mzee. "Lakini liwe kama yale ya wasio na wakwe. Litolewe stara. Nilitaka nikuone uso, mwanangu, kabla jicho lililobaki halijafunga."